Ninyi mna upendo: kisa cha Annalena Tonelli, kutoka Wajir hadi Borama

Mzee mmoja wa Kisomali huko Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mkubwa wa watu wake, aliwaambia wanawake wachache wa Kizungu waliokuwa wakiuguza wagonjwa na kulea watoto walemavu: sisi Waislamu tuna imani, na ninyi mna upendo. Maneno hayo yametufikia kwa sababu mmoja wa wanawake hao, Annalena Tonelli kutoka Italia, aliyasimulia mwishoni mwa mwaka 2001 alipoitwa Vatican kutoa ushuhuda wa maisha yake. Wakati huo alikuwa ameshaishi na Wasomali kwa zaidi ya miaka 30. Hakuwa na parokia ya kuonyesha, wala kigango, wala orodha ya waongofu.

Kauli ya mzee yule imenisumbua kwa muda mrefu. Kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo, kila Kwaresima ikikaribia, swali ni lile lile: tuwavuteje watu? Majibu nayo hayabadiliki: vipaza sauti vipya, kwaya ya kutoka nje, mkutano wa hadhara, fulana zenye maandishi. Sikatai lolote kati ya hayo. Lakini kila nikisoma habari za mama huyu naona kama swali letu tumelishika kwa makali badala ya mpini. Ndiyo maana nataka kukieleza kisa chake kwa urefu, pamoja na sehemu zinazouma, halafu nieleze ninachokiona ndani yake.

Alivyokuja

Annalena alizaliwa Forlì, Italia, tarehe 2 Aprili 1943. Alisomea sheria. Hata kabla ya kumaliza masomo alikuwa akienda kwenye mitaa ya maskini ya mji wake, na pamoja na vijana wenzake wakaanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani. Mwaka 1969 akaja Kenya kama mwalimu, na baada ya muda mfupi akafika Wajir.

Hakuwa sista. Alikuwa mlei, na alitaka kubaki mlei. Hakuwa na shirika la kitawa nyuma yake, wala mwajiri, wala mshahara, wala akiba ya uzeeni. Fedha za kazi yake zilitoka kwa ndugu na marafiki wa Forlì. Aliyekuwa amemvutia ni Charles de Foucauld, yule Mfaransa aliyeishi kati ya Watuareg katika jangwa la Algeria hadi alipouawa tarehe 1 Desemba 1916, na ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2022. Foucauld alisema Injili ipigiwe kelele kwa maisha. Annalena alilichukua neno hilo kama lilivyo, na miaka 33 baadaye alikuwa bado analirudia kuwa ndilo lake.

Anayeijua Wajir anajua ni nchi ya visima, ngamia na jua. Wakati anafika, vita vya Shifta, vya Wasomali wa kule waliotaka kujitenga na Kenya, vilikuwa vimemalizika mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kushika eneo lile hadi 1991. Mpaka leo utamsikia mtu wa kule akisafiri kwenda Nairobi akisema anakwenda Kenya. Serikali waliyoizoea ilikuwa ile inayokuja na bunduki. Na kwao, mtu wa serikali na Mkristo mara nyingi alikuwa ni mtu mmoja.

Humo ndimo alimoingia binti wa miaka 20 na kitu, akiwa na mambo manne ambayo yeye mwenyewe aliyahesabu kama mzigo: kijana, mweupe, Mkristo, hajaolewa. La mwisho huenda ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Katika jamii ambamo kukaa bila mume hakuna maana yoyote ya heshima, mwanamke wa namna hiyo ni wa kuhurumiwa au kudharauliwa. Alisema miaka 30 baadaye kwamba Wasomali wasiomjua vizuri walikuwa bado wakimtazama hivyo. Waliomjua walisema ni Msomali kama wao, na ni mama.

Kidonge cha kila siku

Sasa nifike kwenye moyo wa kisa, na hapa nitakaa.

Katika Wajir ya wakati ule, aliyekataliwa kuliko wote alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. TB ilikuwa aibu na laana. Watu waliificha, waliikana, na aliyeonekana nayo alitengwa. Annalena aliwapenda watu hao, na nalitumia neno hilo kwa sababu ndilo alilolitumia mwenyewe. Aliwahudumia akiwa amepiga magoti. Alikaa nao walipozidiwa na hawakuwa na mtu wa kuwatazama machoni. Ikafika wakati mgonjwa aliyejua kwamba anakufa alimtaka yeye awe kando yake.

Mtu akiishia hapo atakuwa na hadithi nzuri ya huruma. Lakini huruma peke yake haiponyi TB. Tatizo la ugonjwa huu, hasa kwa mfugaji wa kuhamahama, ni kwamba dawa inaleta nafuu mapema mno. Wiki chache tu za matibabu, homa inashuka, kikohozi kinapungua, hamu ya chakula inarudi. Ngamia nao hawasubiri. Mvua ikinyesha upande mwingine, familia inang'oa nyumba na kuondoka. Mgonjwa anaondoka nao, dawa anaziacha, na vijidudu vilivyobaki vinarudi vikiwa vimezoea dawa. Matibabu ya zamani yalichukua mwaka mzima na zaidi. Nani angemweka mfugaji hospitalini mwaka mzima, kwenye kitanda cha chuma, ndani ya kuta nne?

Mwaka 1976 Annalena alipewa jukumu la kuongoza mradi wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu TB kwa wafugaji wa kuhamahama. Dawa mpya zilikuwa zimefupisha tiba hadi miezi 6. Alichofanya ni hiki: aliwaambia wagonjwa waje na nyumba zao. Nyumba ya mfugaji wa Kisomali ni vijiti vilivyopindwa na mikeka, inapakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa popote. Basi wakaja, wakasimamisha vibanda vyao mbele ya kituo ambako yeye na wenzake walikuwa wakilea watoto wenye polio, vipofu na viziwi. Ikawa manyatta ya wagonjwa. Mtu alikaa nyumbani kwake, chini ya mkeka wake, lakini kila siku alimeza dawa mbele ya macho ya anayemhudumia. Miezi 6, siku kwa siku, mpaka apone.

Leo kumeza dawa za TB chini ya usimamizi kunafahamika dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lilieneza mkakati huo katika miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya msingi wake ilijengwa hapa kwetu Tanzania na daktari Karel Styblo, kwenye mpango wa taifa wa kifua kikuu ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini Wajir ilikuwa ikifanya hivyo tangu 1976, kwa watu ambao wengi waliamini hawatibiki kwa sababu hawatulii mahali pamoja.

Kwa nini narefusha habari za vidonge katika makala ya imani? Kwa sababu hapa ndipo upendo wake ulipokuwa na umbo. Alikuwa mwanasheria, kwa hiyo alirudi darasani: akapata cheti cha udhibiti wa TB nchini Kenya, akasomea tiba ya nchi za joto na afya ya jamii Uingereza, na tiba ya ukoma Hispania. Kumpenda mgonjwa kulimaanisha kujua ni dawa gani, kiasi gani, siku ngapi, na kuamka kesho tena. Sisi huwa tunautaja upendo kana kwamba ni joto fulani la moyoni. Kwa mama huyu ulikuwa na ratiba.

Naelewa jambo hili kwa ndani kidogo. Mjomba wangu aliugua kifua kikuu. Kikohozi kilianza kama mafua, kikaendelea miezi, akakonda hadi saa ikawa inateleza mkononi. Alipopimwa na kukutwa nacho, nyumbani kwetu, nyumba ya Wakristo wa siku nyingi, kikombe chake kilitengwa. Hakuna aliyetangaza, siku moja tu kilikuwa kwenye dirisha la nje, peke yake, kile cha bati chenye ua jekundu. Sote tulikiona na hatukusema kitu. Nami nilikuwemo, na wakati huo nilikuwa naimba kwaya. Zahanati ikataka mtu wa kumsimamia dawa, mtu atakayemwona akimeza kila siku. Tukatazamana. Aliyejitokeza ni mama jirani, Mwislamu, muuza vitumbua. Nitamrudia.

Wagalla

Sehemu inayofuata ni ngumu, na Wakristo tunaoipenda habari ya Annalena mara nyingi tunaipita mbio.

Tarehe 10 Februari 1984 jeshi la Kenya liliwakusanya wanaume wa Degodia, mmoja wa koo za Wasomali wa pale, na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, kilomita chache nje ya mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakalazwa kwenye ardhi ya moto, wakanyimwa maji na chakula kwa siku kadhaa. Wengi walipigwa risasi, wengine walikufa kwa kiu na vipigo. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilikubali kwamba idadi ilikaribia 1,000, na manusura wanasema walikuwa wengi kuliko hapo.

Annalena alikwenda. Yeye na wenzake walitafuta majeruhi na maiti porini, wakawatibu waliokuwa hai, wakazika waliokufa. Akaandika majina. Taarifa zilipelekwa nje kupitia watu wa ubalozi, na dunia ikajua. Yeye mwenyewe aliamini kwamba kujulikana huko ndiko kulikozuia mauaji yasiendelee kwa ukoo mzima.

Alikamatwa na kuhojiwa. Kwa maelezo yake, waliomhoji hawakuwa Wasomali. Walikuwa Wakristo wote. Walimwambia kwamba alishategewa mara mbili akanusurika, na kwamba mara ya tatu hatanusurika. Kisha mmoja wao, Mkristo anayehudhuria ibada, akamuuliza ni nini kinachomsukuma kufanya haya. Akajibu kwamba anafanya kwa ajili ya Yesu Kristo, anayetutaka tuutoe uhai wetu kwa ajili ya rafiki zetu.

Tulitazame tukio hilo polepole. Miaka yote ile kati ya Waislamu hakuhubiri, na mara hii moja anapotoa jibu la imani kwa mdomo, anayelisikia ni Mkristo mwenzake aliyeshika bunduki. Katika chumba kile, waliokuwa wakiwindwa walikuwa Waislamu na wawindaji walikuwa wabatizwa. Hao rafiki anaowataja, walioandikwa katika Yohana sura ya 15, walikuwa Wadegodia.

Hapa ndipo naona upendo wake ulipotoka kwenye wema na kuingia mahali pengine. Kumhudumia mgonjwa wa dini nyingine kunaweza kupigiwa makofi na kila mtu. Kusimama na mtu wa dini nyingine dhidi ya watu wa dini yako, wanaosali sala zako na kuimba nyimbo zako, kunakugharimu kwa pande zote. Nafikiri Wasomali wa Wajir waliliona hilo kwa uwazi kuliko sisi. Walikuwa wameshaona misaada mingi ya Wakristo. Mkristo aliyekuwa upande wao siku ya Wagalla lilikuwa jambo geni.

Mwaka uliofuata alifukuzwa nchini. Alinyamaza, kwa sababu aliogopa kwamba akisema, wagonjwa na watoto aliowaacha ndio watakaoadhibiwa. Waliosema walikuwa Wasomali wenyewe, na hawakuchoka kusema hadi serikali ikakiri. Ukweli ulipotoka, watu waliokuwa hawamtaki wakajua kwamba alikuwa tayari kufa kwa ajili yao.

Somalia, kisha Borama

Aliingia Somalia. Beledweyne, Mogadishu wakati wa vita, Merca: kila mahali alianza tena na wagonjwa wa TB, na alipitia kupigwa, kutekwa na kuporwa. Hospitali aliyoiacha Merca iliendelea na daktari mwenzake wa Kiitalia, Graziella Fumagalli, aliyeuawa humo humo Oktoba 1995.

Mwaka 1996 Annalena akafika Borama, magharibi mwa Somaliland karibu na mpaka wa Ethiopia. Akajenga upya hospitali ya TB, ikawa na vitanda zaidi ya 200. Ikazaliwa shule ya watoto viziwi. Akaleta madaktari wa macho kuwatoa watu mtoto wa jicho. Akafanya kazi na wanawake wa pale dhidi ya ukeketaji. Akawapokea wagonjwa wa UKIMWI, na hilo lilimletea maadui. Walikuwepo waliotaka aondoke kwa kuwa, walisema, anawajazia mji magonjwa. Alivaa kama wanawake wa pale, alifunika kichwa, alilala saa chache, na chakula chake hakikuzidi cha wagonjwa. Mwezi Juni 2003 alikuwa Geneva kupokea Tuzo ya Nansen ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kisha akarudi kwenye wodi zake.

Kuna jambo moja la Borama ambalo nalirudia mara kwa mara ninapokuwa kanisani. Hakuwa na Mkristo wa kusali naye. Mara 2 kwa mwaka, karibu na Noeli na karibu na Pasaka, askofu wa Djibouti alikuja kuadhimisha Misa kwa ajili yake na pamoja naye. Mara 2. Mimi nikikosa Jumapili moja kwa sababu ya mvua najiona nimepungukiwa. Yeye alikula Ekaristi ya Pasaka akaishi nayo mpaka Noeli, na katikati ya hapo hapakuwa na kwaya, hapakuwa na mchungaji wa kumtia moyo, hapakuwa na mtu wa kumwambia amefanya vizuri. Alisali usiku, peke yake. Nasema wazi: bila sala ile hatuelewi lolote. Anayedhani kwamba Annalena alikuwa mfanyakazi wa misaada aliyejaliwa moyo mwema hajamsikiliza. Kila alipoulizwa alimtaja Kristo.

Je, alivuta nani?

Rafiki yangu mmoja, mwinjilisti mwenye ari, nilimsimulia haya akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: sasa ameleta wangapi? Swali lake si la kejeli, na linastahili jibu la kweli. Kwa hesabu anayoijua yeye, jibu ni sifuri, au tuseme hakuna anayeweza kuhesabu. Tena kuna hoja nzito nyuma yake: imani huja kwa kusikia, na kusikia kunahitaji mtu aseme. Kama wote tungenyamaza kama Annalena, nani angeijua Injili? Babu zangu waliisikia kwa sababu kuna mtu aliyesema.

Jibu langu ninalo, nalo limetokana na kurudia maneno ya yule mzee wa Wajir na yale yaliyofuata. Annalena alisimulia kwamba baada ya kauli ile, watu wakaanza kusema mara nyingi zaidi kwamba nao inawapasa kufanya vile, kuubeba mzigo wa wengine, hasa wagonjwa zaidi na walioachwa. Angalia walivutwa wapi. Walivutwa kwenda kwa mgonjwa. Upendo wake ulikuwa unamtazama mtu fulani, yule aliyelala kwenye mkeka akitema damu, na aliyeuona upendo huo alijikuta naye anageuza macho kutazama pale pale. Mtu yule wa mkekani alikuwa hatazamwi na mtu. Sasa wanamtazama wengi.

Sisi tunapouliza "tuwavuteje watu", mara nyingi tunamaanisha wavutwe waje kwetu. Waje kwenye mabenchi yetu, wajaze daftari letu. Na hapo upendo unageuka chambo. Samaki anapoliona dagaa kwenye ndoana hadhani kwamba mvuvi anampenda. Watu si wajinga. Mgonjwa anajua ni nani aliyekuja kumwona na ni nani aliyekuja kumhesabu. Nimeshuhudia magunia ya unga yakigawiwa baada ya mahubiri, na nimeona nyuso za waliopokea. Walikuwa wameshukuru, na walikuwa wamefedheheka.

Na Mkristo atakayesoma kauli ya mzee yule kisha akatamba nayo mbele ya Waislamu, kwamba mmeona, hata wenyewe wamekiri, atakuwa ameiua. Mzee alikuwa akiwasifu wanawake watatu au wanne aliowaona kwa macho yake. Hakuusifu Ukristo wa wale waliomhoji Annalena mwaka 1984. Sifa ile si urithi wetu mpaka tuwe tumeifanyia kazi wenyewe. Wala haina maana kwamba Waislamu hawana upendo. Nitasema hivyo vipi mimi, mwenye kumbukumbu ya vitumbua?

Kuhusu kusema, nakubaliana na mwinjilisti kwamba wapo walioitwa kusema. Annalena naye alisema alipoulizwa. Tofauti ni kwamba aliishi kwa namna iliyomlazimisha mtu kuuliza. Yule afisa wa mwaka 1984 alikuwa na Biblia nyumbani kwake, bila shaka alishasikia mahubiri mengi, na bado ilibidi amuulize mfungwa wake: kwa nini? Ni lini mara ya mwisho mtu alituuliza sisi hivyo? Mimi sikumbuki kuulizwa.

Kuna kitu kingine kinachonipa taabu katika kisa hiki, na sitaki kukificha. Maisha yake hayaigiki. Mwenye watoto watatu na mkopo wa SACCOS hawezi kuhamia Borama. Ukimweka Annalena juu sana, unakuwa umejipa ruhusa ya kubaki ulipo, kwa sababu yeye ni wa aina nyingine. Nadhani dawa ya hilo ni kumrudisha kwenye kidonge. Miezi 6, kila siku, mtu mmoja. Hicho hakihitaji kuhama, wala utakatifu wa jangwani. Kinahitaji kuamka.

Jioni ya tarehe 5 Oktoba 2003, akiwa na miaka 60, Annalena alipigwa risasi katika viwanja vya hospitali yake ya Borama, akafa. Alishasema mara nyingi kwamba yeye si kitu. Wagonjwa walioanza dawa mwezi ule walikuwa na miezi mingi mbele yao, na kesho yake asubuhi ilibidi mtu mwingine asimame mbele yao akiwa na maji na vidonge.

Mjomba alipona. Kadi yake ya matibabu tunayo bado, imekunjwa mara nne, imekuwa laini kama kitambaa. Kwenye nafasi ya msimamizi wa dawa kuna jina la mama jirani kwa mwandiko wa muuguzi, na chini yake vialama, mstari baada ya mstari, miezi 6. Alikuja alfajiri, kabla hajawasha jiko la vitumbua. Aliketi kwenye kigoda mbele ya mjomba, akamtazama akimeza, akamwambia afungue mdomo aone, kama mtoto. Wiki ya kwanza alikiona kile kikombe cha dirishani. Hakuuliza. Alikichukua, akakisuza, akakirudisha kwenye kabati pamoja na vingine, na kesho yake akanywea chai humo yeye mwenyewe, mbele yetu sote. Mwezi wa Ramadhani alikuja baada ya daku. Siku ya Idd tu alichelewa. Alikuja jua limeshapanda, vidonge kwenye mkono mmoja, sahani ya pilau kwenye mwingine, na siku hiyo mama yangu alitoka nje kumpokea mlangoni.